Hongera kwa Kuhama

Waacheni Waingereza wapumue. Mtu akichoshwa na nyumba ya kupanga yenye wapangaji 28, ana haki ya kufunga virago. Tarehe 23 Juni 2016 walipiga kura, asilimia 52 wakasema tunatoka Umoja wa Ulaya, na ilipofika 31 Januari 2020 wakatoka kweli. Miaka mitatu na nusu tu, na mawaziri wakuu watatu! Kuna talaka za mahakama ya mwanzo zinazochelewa kuliko hiyo.

Na matunda yanaonekana. Pasipoti imerudia rangi yake ya buluu, fahari ya taifa linalojitegemea. Inachapwa Poland, na kampuni ya Ufaransa. (Mwenye wivu ndiye atakayeuliza kwa nini.) Mapema 2021, dereva wa lori kubwa aendaye Ulaya alitakiwa kuwa na kibali cha kuingia Kent, na Kent iko ndani ya Uingereza hiyohiyo. Ndiyo kulinda mipaka huko: unaanzia sebuleni kwako. Bidhaa zinazovuka kwenda Ireland ya Kaskazini nazo zikaanza kukaguliwa, maana ndugu wa tumbo moja ndiye wa kumshuku kwanza.

Septemba mwaka huohuo madereva wakaadimika, vituo vya mafuta vikakauka. Serikali haikutetereka. Ikatangaza viza 5,000 za madereva kutoka nje, mwisho mkesha wa Krismasi. Mke umemwacha, sawa, lakini sikukuu ikikaribia aje akupikie pilau, kisha arudi kwao kabla ya magharibi.