Sifa za Fuso la Kabichi

Watu wamekwishaisifu bahari, wameisifu karafuu, wameisifu Simba na Yanga hadi sauti zikakauka. Fuso la kabichi linaloshuka kutoka Lukozi, wilayani Lushoto, kupitia Magamba bado halijapata hata ubeti mmoja. Aibu hiyo naiondoa leo.

Najua mnavyolichukia. Moshi mweusi, majani yaliyooza, maji ya kabichi yanayodondoka barabarani, na mwendo ambao ajuza mwenye mzigo wa kuni anaweza kuufuata huku akisalimia watu. Mwenye Noah akilikuta pale njia panda ya Magamba, ukungu umelala juu ya msitu, hupiga honi, huwasha taa, huchungulia kulia, huona kona, hurudi. Huchungulia tena, hukuta kona nyingine. Ikifika ya nne ameanza kupumua kama binadamu, na abiria nyuma wameacha kusali.

Niambieni ni nani mwingine aliyewahi kumfanyia dereva wa Kitanzania jambo hilo. Methali ya haraka kukosa baraka tumeisoma tangu shule ya msingi, na haijapunguza mwendo wa gari hata moja. Trafiki ana tochi na faini, lakini tochi hukaa mahali pamoja, na madereva huonyana kwa taa kilomita nzima kabla. Kibao cha spidi 50 mtu hukipita akikitazama. Fuso lenyewe halina mjomba makao makuu wala halipokei cha soda. Umpigie simu mkubwa gani ili kabichi zipungue uzito?

Na mwendo wake una elimu. Kutoka Lushoto, kwenye mita kama 1,400, hadi Mombo, kwenye mita kama 400, barabara inapoteza mita elfu moja ndani ya kilomita 33 hivi, ikipinda kila inapopata sababu. Anayeteremka hapo akikanyaga breki mfululizo huzipasha moto, na breki iliyopata moto haishiki. Anayeweka nyutro ili kubana mafuta ndiye mwendawazimu kamili. Mzee wa Fuso huingiza gia nzito tangu juu na kuiacha injini ishike mzigo, huku ikinguruma. Ngurumo hiyo mnayoilalamikia pale Soni, mkiwa mnatafuta mtandao wa simu, ndiyo sauti ya watu watakaofika.

Tukiwa kwenye simu: Shirika la Afya Duniani linasema dereva anayeitumia yumo kwenye hatari ya ajali karibu mara nne ya asiyeitumia. Wapo wanaodai kwamba mwendo mdogo ndio unaowashawishi watu kuchungulia ujumbe. Kweli, huwashawishi. Lakini hesabu hii ni rahisi. Kwenye spidi 60, sekunde mbili za kusoma “uko wapi?” zinalipeleka gari mita 33 bila mwenyewe. Nyuma ya Fuso, kwenye spidi 20, ujinga ule ule unakula mita 11 tu, na mwisho wake ni kabichi. Mzee mwenyewe mikono yake miwili imegawana usukani na gia, kwa hiyo akipigiwa, anapokea utingo.

Mjerumani alipofikisha reli Mombo mwaka 1905, treni ilipita bondeni ikaiacha milima juu. Mbao za Shume zilitundikiwa waya hadi Mkumbara, zikashuka zikining'inia hewani, juu ya mabonde na kona zote. Ufundi mkubwa, sikatai. Ila ubao uliopita angani haukumfundisha mtu yeyote subira. Kabichi inayopita chini imefundisha vizazi.

Kasoro? Hilo jiwe ambalo utingo huliweka nyuma ya tairi Fuso likisimama mlimani, kisha hulisahau katikati ya lami. Hapo sina la kutetea, nendeni mkaliondoe.

Nina pendekezo kwa wakubwa. Kila shangingi la serikali linalopanda Lushoto kwa semina litanguliwe na Fuso moja lenye mzigo kamili, badala ya king'ora. Semina ya saa tatu itaanza saa tano kama kawaida, na kuku wa Soni watavuka barabara kwa heshima zao.

Msomaji makini atakuwa ameona kwamba nimesifu Fuso lililopakia tu. Likishamwaga kabichi zake Dar es Salaam, hurudi tupu. Kati ya Segera na Mombo utaliona likilipita basi kwenye mlima, turubai linapepea, usukani mkono mmoja, simu sikioni. Hilo silo nililolisifu, na namba zake nimeziandika.