Sanduku la Mama

Usiku wa tatu mfululizo tulisikia mkwaruzo uvunguni mwa kitanda cha Mama. Kulipokucha tukalivuta sanduku lake la mbao, alilokuja nalo Morogoro kutoka Lushoto alipoolewa. Nilipofunua kifuniko roho iliniuma: doti zake mbili za kanga zilikuwa zimechanwachanwa kama pamba, na katikati wamelala watoto 11 wa panya, wekundu, macho yamefumba.

Nikanyoosha mkono.

"Mwanangu, usiguse!" Mama alipiga ukelele. Kwao tauni iliingia mwaka 1980, naye hajasahau kwamba panya akifa, viroboto wake humhama na kutafuta mwili mwingine. Nikachukua koleo.

Mama yao alichomoka, kijana wangu akamfunika kwa ndoo ya plastiki inayoonyesha ndani. Alikuwa panya shamba: mgongo wa kahawia, tumbo la kijivu. Alipojiinua kutafuta upenyo, tuliona chuchu zimepangana safu mbili kutoka kifuani hadi kinenani. Jike mmoja anaweza kuwa na hadi 24. Mimba yake ni siku 23 hivi, na huzaa 10 au zaidi kwa mkupuo. Mvua ndiyo inayomwamsha. Majani yakichipua na mbegu za nyasi zikikomaa, huzaa mfululizo, hata hekta moja ikabeba mamia. Kiangazi kikikausha shamba, hufuata harufu ya nafaka majumbani.

Kwetu aliifuata mbegu. Msimu ule panya walikuwa wamefukua mahindi yetu usiku uleule tuliopanda, shimo kwa shimo, wakifuata mstari kana kwamba walikuwepo tulipokuwa tukifukia. Iliyobaki niliiweka kwenye kiroba, nikaisukuma uvunguni, kando ya sanduku lenye ubao uliooza pembeni. Kosa langu hilo, na Mama ndiye aliyelilipia.

Lipo jingine linaloniuma zaidi. Kwenye mwembe wetu aliishi bundi. Majirani walisema analeta msiba, wakampiga mawe hadi akahama, nami nilinyamaza. Chini ya tawi lake palikuwa na vidonge vya manyoya na mifupa myembamba: ni panya aliowala na kuwatapika.

Ndugu msomaji, mbegu yako itie kwenye debe lenye kifuniko, fyeka majani yanayozunguka nyumba, na bundi akitua kwenye mti wako, mwache.