Sifa za Mheshimiwa Kutu

Wamesifiwa wengi wasiostahili katika nchi hii. Wamepewa barabara, viwanja vya mpira na sura zao zikachapishwa kwenye fulana. Kutu hajapewa hata kichochoro. Watoto wanafundishwa kumkimbia wangali wadogo, na mpaka leo anasingiziwa pepopunda, ugonjwa unaoletwa na bakteria wa udongoni. Kwa kuwa hana wakili, nimejitolea.

Ninayo haki ya kusema. Uani kwangu Likoni, ambako upepo wa bahari haubishi hodi, ipo kombi ya Volkswagen ya ule mtindo uliotoka Ujerumani kati ya 1967 na 1979, wenye kioo kimoja kipana cha mbele. Paa lake huinuka, maana enzi zake ilibeba watalii waliotaka kusimama wamtazame simba bila kuliwa naye. Sasa naitengeneza iwe gari la safari na malazi: kitanda nyuma, jiko pembeni, kabati la vyombo. Kazi ya bodi na rangi naifanyia hapahapa nyumbani, chini ya mwembe. Kwa hiyo Kutu na mimi tunaonana kila Jumamosi.

Tuanze na nasaba, kama inavyopasa kwa mtu mkubwa. Wanaomwita Kutu mvamizi hawajui nani alitangulia. Sehemu kubwa ya madini ya chuma yanayochimbwa ardhini ni oksaidi za chuma, yaani Kutu na ndugu zake wa damu. Binadamu aliyakuta yamejikalia, akayatia tanuruni, akayapokonya oksijeni yao kwa moto, halafu akajitangaza kuwa ndiye mwenye chuma. Kutu haibi kitu. Anarudisha mali kwa wenyewe. Hata ule udongo mwekundu wa Tsavo, unaowapaka tembo mpaka wakaitwa tembo wekundu, umepata rangi yake kwa ukoo huuhuu. Na ukitaka kucheka, soma kopo la redoksaidi, ile praima nyekundu tunayopaka chuma ili kumzuia Kutu. Wekundu wake ni oksaidi ya chuma. Mchana kutwa tunamfukuza kwa grainda, jioni tunamkaribisha binamu yake kwa brashi.

Bidii yake nayo ni ya kupigiwa mfano. Hadai posho wala likizo. Mpe maji na hewa tu, atafanya kazi. Ukimwongezea chumvi atakesha, kwa kuwa maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri zaidi, na kazi ya Kutu ni ya umeme ingawa haina waya. Ulaya wanamwaga chumvi barabarani wakati wa barafu, kwa gharama ya serikali. Sisi Waswahili wa pwani tunaletewa bure na kusi. Bati nililolisugua likang'aa saa kumi na mbili jioni, nikaliacha bila praima, alfajiri nalikuta limeshavaa hudhurungi. Mfanyakazi gani mwingine anaingia kazini kabla ya adhana?

Tena hana papara. Bandu bandu huisha gogo. Chini ya mlango wa dereva kulikuwa na lengelenge moja la rangi, halizidi punje ya choroko. Rangi ilikuwa imeinuka kwa sababu Kutu hutaka nafasi kubwa kuliko chuma alichokila, basi husukuma kila kilicho juu yake. Nililigusa kwa ncha ya bisibisi. Ncha ikazama, ikafuata shingo, nikabaki nimeshika mpini. Nilipoichomoa, ukamwagika unga mwekundu kiganja kizima, na ndani ya tundu nikaiona ardhi ya uani kwangu.

Lakini fadhila yake kubwa ni ukweli. Gari kuukuu limezungukwa na waongo. Rangi inadanganya, pati ya kuzibia matundu inadanganya, muuzaji anadanganya kwa kiapo. Kutu peke yake ndiye asiyejua kusema uongo. Tulipobandua rangi juu ya gurudumu la nyuma tulikuta nyeupe, chini yake milia ya pundamilia ya siku za utalii, kisha pati ya unene wa kidole. Chini ya pati palikuwa na wavu wa dirishani wa kuzuia mbu, na nyuma ya wavu magazeti yaliyokunjwa. Bati halikuwapo. Fundi wa bodi akainuka, akajifuta mikono, akaniambia kwa upole, “Bosi, hapa huna gari. Una rangi.” Mficha maradhi, kilio humfichua, na Kutu ndiye aliyetangulia kulia.

Ni mwalimu pia, na somo lake kuu ni njia za maji. Amenionyesha kwamba mpira wa kioo ukikauka, mvua hushuka taratibu mpaka sakafuni kwa dereva. Kwamba mfereji wa paa ukipasuka, maji hupitia ndani ya ukuta wa gari. Kwamba vitundu vya kutolea maji vikizibwa na vumbi la safari, mbavu za chini ya milango hugeuka birika. Mbavu hizo zina mabati matatu, la nje, la kati na la ndani, na kombi haina chasisi ya kufunguka. Bodi ndiyo uti wa mgongo wake. Ukikata mbavu bila kufunga vyuma vya kuushikilia mlango, bodi inalegea, unachomelea kwa ustadi, halafu mlango haufungi tena. Hayo nimefundishwa na Kutu bila ada.

Mlinganishe na Rangi, anayepokea makofi yote. Rangi ni mdeko. Unapiga msasa namba 80, unahamia 180, unamalizia 400 kwa maji, na bado ananuna kwa sababu ya alama ya kidole. Unyevu ukizidi anafanya ukungu. Upepo ukivuma anaokota vumbi, na ukitulia anakusanya mbu. Ile rangi ya kisasa ya kuchanganya na kigumishaji ina isosianati zinazodhuru mapafu, na anayeipuliza anatakiwa kuvaa barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje. Kutu anaridhika na miwani na barakoa ya vumbi. Ndiyo maana mimi na majirani tumekubaliana juu ya rangi ya mafuta na rola.

Wanaosema anatia watu umaskini wamwulize welda wa mtaa, muuza bati, muuza msasa na mwenye duka la rangi. Wote watoto wao wanasoma. Tena yeye ndiye mlinzi wa thamani. Mholanzi Ben Pon alichora wazo la gari hili mwaka 1947, kiwanda kikaanza kulitoa Machi 1950, na Brazil wakaendelea kulitengeneza hadi 2013. Zilitoka kwa mamilioni. Kama zote zingekuwapo, nani angezijali? Leo zile za zamani za madirisha 23 zimewahi kuuzwa minadani Marekani kwa zaidi ya dola 100,000. Aliyezipunguza mpaka zikawa lulu ni nani, kama si huyu tunayemtukana? Shukrani ya wanunuzi ni kutafuta magari ya sehemu kavu za California, yaani kulipa zaidi pale ambapo Kutu hakufika.

Sijasahau hisani yake kwa injini. Ile ya 1600 inayopozwa kwa hewa ina nguvu za farasi hamsini hivi, na mlima wa Mazeras unaujua udhaifu wake. Kila kilo anayoiondoa Kutu ni kilo isiyopanda mlima. Kuvuja kwa pakacha, nafuu kwa mchukuzi.

Kwa hayo, natoa ombi dogo kwa wote wanaotafuta kombi kuukuu huku pwani. Msimpite Kutu bila salamu. Mkiona ya kahawia yenye matundu, angalau mnajua mnanunua nini. Mkiona ya umri huo inayong'aa kama sahani ya arusi, toeni sumaku iliyofungwa kitambaa, muipitishe taratibu kwenye mbavu na juu ya magurudumu. Isipong'ang'ania, hapo pana pati. Muuzaji akikasirika, mmeshapata jibu. Akiwaletea bisibisi mwenyewe, mlipeni.