Namna ya Kutoka Steshenari na Heshima Yako

Mwongozo huu ni wa kijana wa Rangwi, wilayani Lushoto, aliyemaliza kidato cha sita na anaomba mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu. Maombi hujazwa mtandaoni, lakini fomu inaprintiwa, inasainiwa, inaskaniwa, kisha inapakiwa tena kwenye mfumo. Hapo kuna nauli ya kupita Lukozi na Magamba hadi steshenari ya Lushoto mjini, na umeme unaokatika bila kuaga. Nauli hiyo imetoka kwenye kabichi na viazi vya mzazi wako, kwa hiyo kila karatasi iheshimu.

1. Panga safari mbili. Ya kwanza ni ya kuprinti. Ukirudi kijijini, uongozi wa kijiji unasaini na kugonga mhuri, mdhamini anaweka sahihi na picha yake. Safari ya pili ni ya kamishna wa viapo na skana. Mtendaji wa kijiji mpigie simu mapema, maana mhuri haugongwi na mtu aliyekwenda Tanga kikaoni.

2. Majina yafanane. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe kwanza kwa wakala wa usajili, RITA. Kisha linganisha herufi kwa herufi na cheti cha kidato cha nne. Kijijini Hamisi na Hamis ni mtoto yuleyule wa mama mmoja. Kompyuta inaona watu wawili wasiojuana.

3. Printi ukurasa mmoja, usome wote. Ukiridhika, ndipo useme, “Dada, endelea.” Hizo dakika mbili ni nafuu kuliko kurudia fomu nzima.

4. Inua kifuniko mwenyewe. Vyeti halisi hupenda kulala chini ya kifuniko cha mashine ya kopi wakati mwenyewe anahesabu chenji. Vihesabu kabla hujalipa.

5. Linda karatasi na ukungu. Mashine ya kopi hunasa unga wa wino kwa chaji ya umeme, kisha huuyeyusha kwa joto ushike kwenye karatasi. Karatasi yenye unyevu hujikunja, hukwama na kutoa maandishi hafifu. Maombi mara nyingi huangukia katikati ya mwaka, milima inapojifunika ukungu. Beba faili la plastiki linalofungwa. Kwapa si kabati.

6. Usiache maisha yako kwenye kompyuta ya watu. Namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), vyeti na sahihi ya mzazi ni mali yako, na tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Toka kwenye akaunti, futa mafaili, na neno la siri liandike wewe, hata kama foleni inakusonya.

7. Ikimbie siku ya mwisho. Siku hiyo mtandao unalemewa, foleni inafika barabarani, na wino huisha zamu yako ikifika. Ngoja ngoja huumiza matumbo.

Wewe mwenye steshenari, mtoto wa mkulima akikupa fomu, mwonyeshe ukurasa unaokosa sahihi kabla hujaskani. Wewe mtendaji, soma unachogongea mhuri. Kijana aliyefaulu asibaki nyumbani kwa sababu ya karatasi moja ambayo mtu yeyote kati yetu angeweza kuiona.