Shangazi wa Terminali: Ipo, Lakini Naambiwa Haipo

*Shikamoo Shangazi. Nimeshusha programu huria kwa Git, ./configure ikapita bila shida. Kuandika make, naambiwa aclocal-1.15 haipo kwenye kompyuta yangu. Aclocal ipo! Ila ni 1.16. Nimeiondoa nikairudisha, wapi! Nitafute ile ya zamani?*
*Niliyechoka*

Marahaba, mwanangu. Iache aclocal yako, haina kosa. Tatizo ni saa.

Mwandishi wa programu hiyo alizalisha mafaili ya configure na aclocal.m4 kwake, kwa Autoconf na Automake 1.15 (ambamo aclocal imo), akayaweka kwenye hazina ya Git pamoja na chanzo chake, configure.ac. Sasa make haisomi yaliyomo ndani ya faili. Inatazama saa tu. Ikikuta configure.ac lina saa ya karibuni kuliko aclocal.m4, inaamini kuna mtu amelihariri, hivyo inataka kuzalisha upya kila kilichotokana nalo. Na Git haitunzi saa za mafaili. Uliposhusha mradi, kila faili lilipewa saa ya kufika kwenye diski yako, na lipi lilitangulia ni bahati nasibu. Kwako configure.ac likafika mwisho. Make ikakurupuka kuiita zana iliyoandikwa kwenye Makefile kwa jina na namba, aclocal-1.15, na haikubali nyingine hata kama iko jirani.

Andika autoreconf -fi, kisha ./configure upya. Kila kitu kitazalishwa kwa zana ulizo nazo, na hiyo 1.15 hutaisikia tena. Kama hutaki kuzalisha chochote, sogeza saa za mafaili yaliyozalishwa kwa amri ya touch: aclocal.m4 kwanza, kisha configure, config.h.in na Makefile.in. Njia rahisi kuliko zote ni kuchukua kifurushi cha tar kilichotolewa rasmi, kwa kuwa tar hutunza saa. (Ninyi mnaoingiza configure kwenye Git halafu mnashangaa kupata malalamiko, nawajua.)

*Shangazi, mradi wangu wa zamani unataka Python 2, mpya unataka Python 3. Ugomvi ulinichosha, nikaamua kubaki na mmoja. Nikaiondoa Python 3 kwenye Ubuntu. Sasa nikiwasha kompyuta naona maandishi meupe kwenye giza.*
*Mume wa Wawili*

Pole, baba. Ulidhani unampa talaka bi mdogo, kumbe umemfukuza mwenye nyumba. Zana nyingi za Ubuntu yenyewe zimeandikwa kwa Python 3. Apt ilikuonyesha orodha ndefu ya vitakavyoondoka naye, nawe ukabonyeza Y kama mtu anayekubali masharti ya benki. Chomeka waya wa mtandao, andika sudo apt install ubuntu-desktop, usubiri.

Hukuwa peke yako kwenye mitala hiyo. Python 3 ilitoka Desemba 2008, na Python 2 ikaacha kuhudumiwa tarehe 1 Januari 2020. Miaka kumi na moja dunia nzima ililala na wote wawili. Walioishi kwa amani ni waliompa kila mmoja chumba chake. Kwa mradi mpya andika python3 -m venv. Yule wa zamani, kama kweli huwezi kumwacha, mweke kwenye kontena na usimfungulie mlango wa intaneti.

*Gradle inalalamika kuhusu toleo kuu namba 65. Mimi sijawahi kuwa na Java 65!*
*Mshangao*

Toa 44. Umepata 21, na hiyo ndiyo Java yako. Gradle ya mradi ni ya kabla ya 8.5, kwa hiyo haiijui. Ipandishe, au elekeza JAVA_HOME kwenye Java 17. Na tumia ./gradlew iliyokuja na mradi, si Gradle uliyojisakinishia mwenyewe.

*Dada, mimi ndiye mwandishi. Maktaba yangu ya C++ haina kosa hata moja, sijaigusa tangu 2014. Tangu CMake 4.0 itoke Machi 2025 watu wananiandikia kwa hasira kwamba haijengeki. Waambie warudi kwenye CMake ya zamani.*
*Mstaafu*

Siwaambii, kaka. Mstari wako wa kwanza unasema cmake_minimum_required(VERSION 2.8), na CMake 4 haivumilii tena mradi unaodai kuendana na matoleo ya chini ya 3.5. Wanaokupenda wanapita kwa kuongeza -DCMAKE_POLICY_VERSION_MINIMUM=3.5, na wengine wanapita hivyo hivyo huku wakikutaja vibaya. Wewe badilisha hiyo namba, ijaribu, utoe toleo jipya. Ni kazi ya jioni moja. Na usiseme umeshtukizwa: onyo kuhusu matoleo ya chini ya 3.5 CMake ilianza kulitoa mwaka 2023, kwenye toleo la 3.27, kila mtu alipoijenga maktaba yako. Mara ya mwisho wewe mwenyewe uliijenga lini?