Mama Mkubwa Hayumo Kwenye Programu

Katiba ya kikoba chetu iliandikwa kwa kalamu kwenye kaunta buku, na kwa miaka mingi haikumsumbua mtu. Ikaja Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, ikatuweka sisi wa vikundi vya kijamii daraja la nne, nyuma ya SACCOS, na kututaka tujisajili. Wanachama wakaona basi twende na wakati kabisa: atafutwe kijana atutengenezee programu ya kwenye simu. Kijana akapatikana, akaomba kanuni zetu, akapewa kaunta buku.

Akafanya kama ilivyoandikwa. Balaa likaanzia hapo.

Kifungu cha saba kinasema: “Hisa zitalipwa tarehe 30 ya kila mwezi, asiyelipa atatozwa faini shilingi 2,000.” Februari ilipoingia, programu iliisubiri tarehe 30 kwa utiifu mkubwa. Machi mosi alfajiri ikatutoza faini wote, akiwemo Mweka Hazina aliyelipa tangu tarehe 10, maana kumi si thelathini. Mama Mwenyekiti akampigia kijana simu kabla hata jua halijachomoza.

“Shikamoo, Mama.”

“Marahaba. Mwanangu, faini hii ya nini?”

“Ni kifungu cha saba, Mama.”

“Kifungu cha saba nimekitunga mimi, na sikuwa na maana hiyo!”

Hilo lilikwisha kwa kuandika “kabla au ifikapo siku ya mwisho ya mwezi”. Lililotutoa jasho ni la mfuko wa jamii. Katiba inasema mwanachama akifiwa na mzazi atapewa rambirambi shilingi 200,000. Kijana aliweka nafasi mbili, baba na mama. Mmoja akifariki, nafasi yake inafungwa. Mwenzetu mmoja akafiwa na mama yake mkubwa, aliyemlea tangu ananyonya. Programu ikamjibu kwamba mama yake alishafariki mwaka 2019. Msibani, mbele ya watu!

Kikao kikachachamaa. Nani asiyejua kwamba mama mkubwa ni mama? Tukapiga kura mama wakubwa waingie, na mama wadogo nao wakaingia kwa vigelegele. Ndipo Mweka Hazina, mtu wa maneno machache, akauliza kila mmoja ana wangapi. Mzee mmoja ambaye babu yake alioa wake wanne akaanza kuhesabu kwa vidole, akahamia vya jirani yake. Mfuko ungekauka kabla ya Ramadhani.

Zamani mambo haya aliyamaliza Katibu. Alijua nani kakulea na nani unamtaja akishakufa tu, na hakuna aliyemwomba aandike. Kanuni yenyewe ilikuwa kichwani mwake. Kwenye daftari ilikuwa kivuli chake tu. Mwaka 2003 Mmarekani Ronald Ross na wenzake walitoa tamko kuhusu kanuni za biashara, na mojawapo ya hoja zake ni kwamba kanuni husimama juu ya dhana ambazo watu wamekubaliana maana yake. Kwa lugha ya kikao chetu: kabla hujasema mzazi anazikwa kwa shilingi ngapi, sema kwanza mzazi ni nani. Sasa kila mwanachama ameandikisha majina mawili ya wazazi, wawe wa kuzaa au wa kulea, na saini chini. Kuna mashangazi wamenuna mpaka leo, lakini mfuko una fedha.

Kimebaki kifungu cha kumi na mbili: “Mwanachama akifariki atalipiwa sanda na usafiri baada ya kujaza fomu.” Programu inasubiri fomu.

Nanyi wenye kikundi mnaotaka programu, msianze na kijana. Anzeni na kaunta buku, msome kifungu cha rambirambi kwa sauti kikao kikiwa kimejaa, na mashangazi waalikwe.