Mwito wa Mshenga

Mshenga alikuwa keshafika kwenye "tumeona ua bustanini mwenu" alipoinama akajikuna kifundo cha mguu. Akaendelea. Akajikuna tena. Mara kiroboto mnene akatua gotini pake, juu ya kanzu nyeupe iliyonyooshwa kwa pasi, akatulia kama naye kaja kuposa. Binti yangu akakimbilia jikoni. Mke wangu alinitazama mimi, si paka wetu Chausiku.

Kesho yake niliwahi duka la dawa za mifugo kabla halijafunguliwa. Kijana akanipa kichupa chenye picha ya mbwa. "Paka si mbwa mdogo tu, mzee? Mtilie nusu." Nikalipa, na nikamshukuru! Aliyemwokoa Chausiku ni jirani yangu, daktari wa mifugo, aliyekisoma kichupa akaniuliza kama paka nimemchoka. Ndani mna permethrini. Mbwa huivumilia, ini la paka haliwezi kuivunjavunja upesi, basi hutetemeka, hushikwa na degedege, na huweza kufa. Onyo lipo, kwa Kiingereza, herufi zenye ukubwa wa kiroboto mwenyewe. Hapa sicheki: yule kijana anakisia sumu, na mtaa mzima tunamwita dokta.

Jirani akanipa dawa ya paka hasa, ya uzito wake, ya kumdondoshea kisogoni ambako ulimi haufiki. Ningeridhika, lakini akaanza kunieleza viroboto, nami nikasahau hata chai. Kumbe walio mwilini mwa paka ni wachache tu wa ukoo. Jike hutaga hata mayai 40 kwa siku. Hayanati, hudondoka palepale paka anapolala, yaani kochi la wageni. Buu hula kinyesi cha wazazi wake, ambacho ni damu iliyokauka (kama uko mezani, samahani), kisha hujisokotea kifuko cha hariri kinachogandwa na vumbi. Humo hata dawa humfikia kwa shida. Hungoja, pengine miezi. Hungoja nini? Joto, pumzi, kishindo cha mtu kuketi. Mshenga, kwa kilo zake zote, ndiye aliyewaita.

Tulianika mito ya kochi, mvua ikanyesha. Nilijaribu kumwogesha Chausiku, mkono unapona.

Jana mshenga kapiga simu. Mahari hakuigusa, kauliza jina la dawa. Nimemtajia. Habari za vifuko sikumwambia.